Siku Ciza Alipouwasha Ukuta

Mtu akiharibikiwa na kompyuta katika kanisa letu la Waswahili hapa Birmingham, hamfikii Ciza moja kwa moja. Kwanza anapita kwa Marlène, mkewe, ambaye hufungua mlango wa nyumba yao ya Balsall Heath na kumwuliza kama amekula. Ukisema umekula, hakuamini. Unaketishwa jikoni, unapakuliwa wali na sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga, na kompyuta yako inaachwa kwenye korido isubiri zamu. Ukishamaliza ndipo Ciza anatoka sebuleni, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, anakusalimu kwa mikono miwili na kusema, "Bon. Sasa tuambie. Ilianza namna gani?"

Na swali hilo lina masharti yake. Utasimulia tangu mashine ilipokuwa nzima, uliwasha lini, uliona nini, kilifuata nini. Ukianza kutaja watu, kwamba mtoto aliigusa au shemeji alibonyeza, Ciza anainua kiganja. "Apana. Mambo ya nani tutaacha. Hapa tunauliza nini, na lini." Mara ya kwanza kuyasikia maneno hayo niliona ni maringo tu. Mimi ni Mkisii wa Nyamira, jina langu Kerubo, na kwetu ugomvi wowote wa maana huanzia kwa nani.

Sebule yao ina meza ndefu, na juu ya meza laptop za kila aina, nyingine hazina vioo, nyingine hazina vibao vya herufi, nyingine zimefungwa kwa mpira wa nywele za wanawake. Zinatoka kwa Jaspal, mwenye duka la simu barabara ya pili, anayeokota zile ambazo wateja wamezitelekeza. Marlène hamalizi wiki bila kuzisema. "Tulifunga ndoa ya monogamie, ya mke mmoja, mbele ya pasta na mashahidi," huwaambia wageni. "Angalieni sasa. Wake wenza wamejaa salon, na wote wanalala mbele yangu." Ciza hucheka bila sauti, mabega tu ndiyo yanayotikisika.

Alizaliwa Uvira. Vita vilimkimbiza akiwa kijana, akaishia kambini Tanzania, na huko ndiko alikojifunza kompyuta, katika chumba kimoja chenye mashine kuukuu zilizokuwa zikipata umeme wa jua kwa zamu. Mashine hizo zilikuwa zimechoka hata haziwezi kubeba mifumo mizito ya madukani, kwa hiyo mwalimu wao aliziwekea Linux, mfumo wa bure ambao watu wa dunia nzima huutengeneza kwa kushirikiana. Ciza akaupenda tangu hapo. Anasema ulimpokea bila kumuuliza karatasi. Alipoletwa Uingereza kwa mpango wa wakimbizi alirudi darasani, akapata cheti, na sasa anafanya kazi katika karakana moja ya Tyseley, anakata na kupima mabomba ya vyuma. Jumamosi zake anazitoa kwa zile laptop. Anazisafisha, anazitia Linux, kisha anazigawa kwa wageni waliofika juzi, kwa watoto wa shule, kwa akina mama wanaotaka kuona nyuso za wajukuu. Ukijaribu kumlipa anakasirika kwa Kifaransa.

Nimeishi na watu wengi wenye ujuzi, na wengi wao hukupa msaada pamoja na bili ya dharau. Ciza hana hiyo bili. Nimemwona akimweleza bibi mmoja wa Bukavu, kwa saa nzima, jinsi ya kufungua kamera, na bibi akasahau, na Ciza akaanza upya kwa furaha ile ile kana kwamba na yeye ndiyo kwanza anaigundua. Mimi ningekuwa nimeshapiga meza. Nasema hivi wazi kwa sababu ninamstahi mtu yule kuliko ninavyowastahi baadhi ya wachungaji.

Basi mwezi wa tano mwaka jana baba yangu akafariki, akiwa na miaka mingi na meno machache. Mimi ndiye kifungua mimba wake. Na mimi nilikuwa Birmingham, ninalea wazee wa watu wengine huko Aston, pasi yangu iko mikononi mwa serikali ya hapa pamoja na ombi la kuongeza kibali. Ukitoka nchini kabla ya kujibiwa, ombi linahesabiwa umelitupa, na watoto wangu wako shule hapa. Sikuweza kwenda. Nililia nikiwa nimeketi ukingoni mwa beseni la kuogea, maji nimeyafungulia ili mwanangu Audrey asisikie.

Mama yangu hakulia kwenye simu. Aliniuliza neno moja tu: "Utamlilia na nani huko?" Nikamwambia nina watu. Akasema, "Watu gani? Nataka niwaone. Siku ya kumzika baba yako nataka nikuone umesimama katikati ya watu, ndipo nitalala." Nikamwahidi. Kwetu kifungua mimba ndiye huanza kusema kwa niaba ya watoto, ndipo wengine wafuate, ndipo jeneza lishuke. Ndugu yangu akakodi televisheni kubwa, wakaiweka ukingoni mwa hema, na kando yake simu juu ya mguu wa chuma ikitazama mahali pa kaburi. Sisi huku tungekutana kwenye ukumbi wa kanisa, Tyseley, na Nyamira ingeonekana ukutani kwa projekta.

Nyumbani sisi ni Waadventista, hatuziki Sabato, kwa hiyo mazishi yalikuwa Ijumaa. Anayeujua mji huu anajua maana yake. Manesi walibadilisha zamu, madereva walibadilisha zamu, na mama mmoja wa Goma aliomba ruhusa kwa msimamizi ambaye yeye mwenyewe anamwita jiwe. Asubuhi hiyo ukumbi ulikuwa umejaa. Mtu haendi matangani mikono mitupu, na kila aliyeingia alikuwa na kitu: chapati zilizofungwa kwa taulo, sufuria ya maharagwe, chupa za chai, na Marlène na sombe lake.

Jairus hakuwa na sufuria. Jairus ni Mluhya, dereva wa basi, mwanamume mkubwa mwenye roho nyepesi, hajaoa na hawezi kuchemsha hata yai. Kanisani ndiye mtu wa mitambo: anatunza spika, waya, na ile laptop kubwa ya michezo ambayo Ciza aliifufua kwa ajili ya ukumbi. Sasa Jairus akawaza, wenzangu wameleta vyakula, mimi nitamletea Sister Kerubo nini? Akaiona ile laptop. Kwa wiki kadhaa ilikuwa ikimwambia kwamba kuna toleo jipya la mfumo. Watu wakija msibani unafagia uwanja, sivyo? Basi asubuhi ile, kabla hajaja ukumbini, akaifagia. Akakubali kila kilichoulizwa, mfumo mzima ukapandishwa toleo jipya, na yeye akaja na laptop kwapani akiwa ametosheka kabisa.

Alipoiwasha mbele yetu, kioo kilionyesha nembo ya kiwandani, kikafikiri kidogo, kisha kikawa cheusi. Akazima, akawasha. Nembo, halafu giza. Ukutani projekta ikaandika kwamba haioni kitu chochote.

"Nani ameigusa hii mashine?" nikauliza.

"Sister, haki ya Mungu sijagusa kitu," Jairus akasema. "Nili-update tu."

"Uli-nini?"

"Nili-update. Ilikuwa inaitisha kila siku. Nikasema wacha ikuje matanga ikiwa fresh."

Sitayaandika hapa yote niliyomwambia Jairus. Nilikuwa na haki ya kukasirika, na bado ninasema hivyo. Baba yangu alikuwa kwenye jeneza upande wa pili wa dunia, na mtu mzima amekwenda kucheza na mashine asubuhi ya mazishi! Nilimwuliza kama huko kwao mtu hubadilisha paa la nyumba wageni wakiwa mlangoni. Nilimwuliza mengine pia. Jairus akasimama pale, mikono imening'inia, akawa mdogo ndani ya suti yake.

Kuna atakayeuliza kwa nini hatukuchukua laptop nyingine. Tulijaribu. Mugo, Mkikuyu kijana anayefanya kazi ya kompyuta kwenye ofisi moja mjini, alikuwa na yake, lakini ni ya ofisi na imefungwa, hairuhusu hata kuita mkutano wa video wa nje. Ya Audrey haikuwa na tundu la waya wa projekta. Ilibaki simu yangu. Kwa simu ningeweza kumwona baba akishuka kaburini ndani ya kitu cha ukubwa wa kiganja, watu wote hawa wakinipumulia shingoni wasione kitu, na mama angeona pua yangu na kipande cha dari. Nilikuwa tayari kuikubali hiyo simu. 

Ciza alikuwa akipanga viti. Alikuja taratibu, akavua koti la suti, akalikunja, akalitundika kwenye kiti. Hakumtazama Jairus wala hakunitazama mimi. Akaketi mbele ya ile laptop nyeusi, akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja, na kioo kikaleta maandishi meupe membamba.

"Iko hai," akasema. "Macho tu njo imefunga."

Njo ya Uvira ni ndiyo yetu. Wanawake waliokuwa wamenizunguka wakasema asante Yesu.

Akaizima, akaiwasha tena, safari hii akaiamuru itumie kiini cha mfumo wa zamani, ambacho Linux hukihifadhi kwa siku mbaya kama hizi. Kioo kikawaka kizima, picha ya milima na saa pembeni. Watu wakapiga makofi. Lakini ukuta ulikuwa bado haujui lolote, na Ciza hakupiga makofi.

"Mugo, unaona?" akasema.

Mugo akainama. "Screen ya ndani inatumia ile graphics ndogo. HDMI iko kwa ile kubwa."

Nikawaomba waseme kama watu. Ciza akageuka na kunieleza, na mpaka leo naweza kukueleza na wewe. Laptop ile ina kadi mbili za picha. Ndogo inahudumia kioo cha laptop yenyewe. Kubwa, ile ya wachezaji wa michezo, ndiyo iliyoungwa na tundu la waya wa projekta. Na hiyo kubwa haifanyi kazi bila draiva, yaani kile kiprogramu kinachoiambia nini cha kuchora na wapi. Draiva ya zamani iliondoka na toleo la zamani. Mpya imo ndani, imesakinishwa vizuri, yeye mwenyewe anaiona, ila haiamki.

"Tunaweza kuitoa yote, tu-download upya," Mugo akasema.

"Na hii internet ya ukumbi?" Ciza akauliza.

Mugo akaitazama, akatikisa kichwa. Draiva yenyewe ni nzito, na intaneti ya ukumbi ule hutembea kwa magoti. Wakati huo simu yangu ikatetemeka. Ndugu yangu ameandika: *Kwaya ya pili inamaliza. MC anataka kuita watoto. Uko wapi?* Nikamwandikia: *Ongezeni wimbo.* Akajibu kwamba wataongeza, lakini mvua inajikusanya upande wa vilima vya Manga.

Mtu mwingine angeanza kuharakisha mikono. Ciza aliiondoa mikono kwenye vitufe kabisa, akaiweka mapajani. Akamgeukia Jairus, ambaye alikuwa amejibanza karibu na spika.

"Jairus, ndugu yangu, kuja hapa, ukae. Tuambie tena. Tangu ulipokubali update."

Jairus akaketi. Akasema ilishusha vitu, ikasakinisha, ikaomba ijizime, ikajiwasha, ikawa nyeusi.

"Ikajizima. Halafu ikajiwasha. Katikati pale?"

"Hakuna kitu."

"Hakuna hata kidogo?"

Jairus akanitazama mimi. Mimi nilikuwa nimesimama nimeshika kiuno. Akatazama chini.

"Mama Audrey," Ciza akasema kwa upole, bila kugeuka, "chai inapoa kule. Batu hawajakunywa. Uende uangalie kidogo."

Nilielewa nafukuzwa. Nikaenda, kwa hasira, lakini jiko la ukumbi ule lina dirisha la kupitishia vyakula, na mimi sikuziba masikio. Nikamsikia Jairus akisema kwa sauti ya chini kwamba kulikuwa na kitu. Wakati wa update ilimwambia atengeneze neno la siri. Akatengeneza. Halafu ilipojiwasha ikaja skrini ya bluu, ikamuuliza neno la siri.

"Na ukafanya nini?"

"Si ulitufundisha? Ulisema screen ikikuuliza password na wewe hukuitisha kitu, usijibu, wacha iende. Ikahesabu, ikaenda yenyewe."

Hapo nikaacha kumimina chai. Ilikuwa kweli. Mwaka juzi wazee wawili wa kanisa walitapeliwa na skrini iliyowatokea ghafla ikidai kompyuta zao zina virusi, na Ciza alisimama baada ya ibada akatufundisha sote, tukayarudia maneno kwa pamoja kama katekisimu. Mimi mwenyewe niliyarudia. Ningekuwa mahali pa Jairus pale, nisingeijibu ile bluu hata kidogo.

 Nikasubiri Ciza amwambie kwamba ile haikuwa skrini ya matapeli, kwamba mtu wa mitambo angepaswa kutofautisha.

"Njo mimi nilikufundisha vile," akasema. "Ulisikia muzuri. Mimi sikumaliza kufundisha. Asante, Jairus. Tumeipata."

Jairus akatoa leso akapangusa uso wote mpaka shingo. Nikarudi na birika, na hakuna aliyenifukuza tena.

Ciza akanieleza huku vidole vinafanya kazi. Kompyuta ina mlinzi mlangoni. Chochote kinachotaka kugusa vyuma vya ndani lazima mlinzi awe anajua ufunguo wake. Draiva mpya ilikuja na ufunguo mpya, na ile skrini ya bluu alikuwa mlinzi anauliza: huyu mgeni ni wenu kweli? Kama ni wenu, niambieni lile neno mlilopatana. Hakujibiwa, akamfungia nje. Ndiyo maana draiva imo ndani ya nyumba lakini haigusi kitu.

"Si tumfukuze huyo mlinzi?" nikauliza.

"Nilishafikiria hiyo," Mugo akasema. "Unaweza ku-disable kwa settings za chini. Lakini mwenye hii laptop wa kwanza alizifunga na password yake, na hatumjui."

"Tutamujibu tu mulinzi," Ciza akasema. "Njo heshima."

Akaandika mstari mmoja kwenye ile skrini ya maandishi, kuomba ufunguo usajiliwe upya. Mashine ikataka neno la siri jipya. Akamsogezea Jairus kibao cha herufi.

"Andika wewe. Herufi tupu, bila alama. Ile skrini ya bluu haijui keyboard ya hapa Uingereza, alama zitahama."

Mimi nikasema ndani ya moyo, Mungu wangu, anampa huyu tena. Nikafunga mdomo. Jairus akaandika kwa kidole kimoja kimoja, akarudia. Kisha Ciza akaizima mashine, akaiwasha, akaondoka kwenye kiti na kumwachia Jairus.

Skrini ya bluu ikaja. Ilikuwa na maandishi ya kizamani, mabaya, na namba inayohesabu kurudi nyuma. Ningekuwa mwizi ningetengeneza skrini kama ile.  "Bonyeza yoyote, isiende," Ciza akamwambia. "Sasa shuka. Hiyo ya pili. Ndiyo. Endelea. Sema yes. Sasa lile neno." Jairus akaandika. Haikuonyesha hata nyota moja kwamba imesikia. Akabonyeza, na mashine ikajizima.

Nembo. Giza. Nikashika mkono wa Marlène kwa nguvu, nadhani nilimuumiza. Halafu ukuta wote ukawa na milima.

Sikumbuki vizuri nani alipiga kelele. Najua Mugo alifungua mkutano, na milima ikaondoka, na pale ukutani, mrefu kuliko mimi, akasimama ndugu yangu mwenye koti la baba, na nyuma yake hema, na jeneza juu ya vyuma vyake, na migomba yetu. Kwaya ilikuwa bado inaimba. Walikuwa wamefika wimbo wa nne wa nyongeza, maskini, sauti zimekwisha.

Mama alikuwa mstari wa mbele. Akaletewa kiti karibu na televisheni. Nikasimama mbele ya laptop, na watu wangu wakajaa nyuma yangu bila kuambiwa, Wakongo, Wakenya, mama wa Goma, Jairus mzima mzima akizuia mwanga wa dirisha. Nikamwona mama akinyoosha kidole kwenye televisheni na kuanza kutuhesabu. Alihesabu mpaka akapotea, akaanza upya, akapotea tena. Kisha akakunja mikono juu ya mapaja, akaitikia kwa kichwa, na MC akataja jina langu.

Nilisema machache. Nilisema baba alinifundisha kugombana na kusamehe siku hiyo hiyo, na kwamba la kwanza nililishika vizuri zaidi. Watu wa Nyamira wakacheka, na sisi tukacheka, na kicheko kikanigeukia kikawa kilio, na mkono wa mtu ukaja mgongoni mwangu. Ulikuwa mkono mkubwa wa dereva wa basi. Sikuuondoa.

Tukamzika. Mvua iliwaheshimu, ikanyesha huko huko Manga. Tuliona udongo wa kwanza na wa mwisho, tuliona maua, tukaimba nao wimbo wa kufunga, wao wakitangulia nasi tukichelewa kidogo kwa sababu ya njia ndefu ya sauti. Muda wote huo Ciza hakuutazama ukuta. Alikaa pembeni ya meza macho kwenye laptop, akiangalia joto la ile kadi kubwa, na mara moja akaweka vitabu viwili vya nyimbo chini yake ipate hewa. Hivyo ndivyo alivyomzika baba yangu, na sijui nani alifanya kazi kubwa zaidi yake siku ile.

Mazishi yakaisha. Kule watu wakaelekea kwenye chakula, na huku Marlène akaanza kupakua. Hakuna aliyekumbuka kuzima simu ya Nyamira. Ukutani likabaki kaburi peke yake, udongo mwekundu mbichi, maua, na jembe lililosahauliwa. Nikaenda kuifunga laptop. Ciza alikuwa ameshavuta kiti katikati ya ukumbi, amekaa anaukabili ukuta, mikono katikati ya magoti. Ilikuwa mara ya kwanza kuketi bila kufanya kitu tangu asubuhi.

"Papa Ciza, nifunge?"

"Bado, Mama Audrey. Acha kidogo."  Kisha akasema, kwa sauti ile ile anayotumia kueleza draiva, "Baba yangu, Mardochée, batu balimuzika Uvira. Sisi tulikuwa tumeshakimbia. Nilipata habari kambini, kwa mtu aliyepita. Hata fasi ya kaburi siijui. Nilikuwa nataka tu kuona namna inakuwaga."

 Nikasimama pale karibu na laptop.

Ndipo mama yangu akatokea ukutani. Alikuja na kiti chake cha plastiki, akakiweka mbele ya simu, akaketi ili tuzungumze, uso wake umejaa ukuta mzima. Aliniuliza kama nimekula. Halafu akachungulia nyuma yangu, akaniuliza kwa Kikisii yule mwanamume aliyeketi peke yake ni wa nani, na mbona hali chakula.

Nikamwambia. Nilimwambia huyu ndiye aliyeufungua ukuta, na kwamba baba yake alizikwa yeye akiwa mkimbizi, na hajawahi kuliona kaburi lake.

 Mama akageuka nyuma, akaona jinsi alivyolikinga lile kaburi kwa mgongo wake. Akainuka kwa shida, akakiburuta kiti mpaka pembeni kabisa, akaketi huko nusu yake tu ikionekana. Na kwa Kiswahili chake kigumu, ambacho hukitoa kwa wageni peke yao, akamwambia Ciza, "Baba, ona sasa. Kaa na yeye mpaka utosheke."